Upande Ulioungua wa Laurensi

Banda la mbata, Madungu
Sikukuu ya Laurensi, mchana

Felista mwanangu, msafiri wa kesho,

Barua za watu huanza na "mimi mzima, hofu ni kwako". Mie siwezi kuanza hivyo, maana uko hatua arobaini kutoka hapa, nakusikia unagombana na mama yako juu ya sanduku, na sauti yako nzima kabisa. Wala usicheke mwandiko wangu. Darasa la nne nililifikia kwa miguu yangu mwenyewe na nikatolewa kwa mdomo wangu mwenyewe. Mwalimu aliyenitoa alikiri mbele ya watu kwamba hajapata kuona mtoto anayejibu upesi kama mimi. Hakusema kwa kunisifu, lakini sifa ni sifa.

Habari za sabuni, chandarua na kutokula ovyo melini, mama yako kishakwambia mara kumi, na ya kumi na moja atakwambia mkiwa njiani kwenda Mkoani. Mie sina neno katika hayo. Langu ni moja, na nimelikalia muda mrefu kuliko umri wako.

Nimekaa juu ya chanja, kitanda chetu cha fito cha kukaushia. Ndiyo siku pekee katika mwaka ambayo naweza kuzikalia fito zake bila kuomba maji ya kujimwagia. Chini yangu majivu ya makumbi ya nazi yamelala kimya. Pembeni zimerundikwa nazi za Mzee Kombo wa Wingwi, alizozileta jana kwa gari la ng'ombe, zinangoja kupasuliwa na kukaushwa ziwe mbata. Zitangoja. Leo ni ya Laurensi, na siku ya Laurensi sisi watu wa chanja hatuwashi moto: si wa mbata, si wa chai, si wa sigara. Tunakula baridi.

Asubuhi, nyinyi mlipokuwa misani, Bi Mize jirani yetu kaja na mkate wa mchele kaufunika kwa kawa, kama ajavyo kila mwaka.

"Hodi, watu wa jiko lililokufa!"

"Karibu, Bi Mize."

"Dini yenu hii, baba Felista, mie huwa siielewi. Sisi tukifunga, twafunga mdomo. Nyinyi mwafunga jiko, mdomo mmeuacha wazi."

"Wangu ulishindikana kufungwa tangu darasa la nne."

"Hilo nalijua, na Pemba nzima yalijua." Akauweka mkate. "Na mtoto ndo kesho?"

"Ndo kesho."

"Mwambie akiulizwa kwao wapi, aseme Pemba, basi. Wasimchimbe zaidi. Siku hizi watu hawajaulizana hali, washaulizana mjukuu wa nani."

Neno hilo limenichoma, Felista, na Bi Mize hakujua kwamba limenichoma wala wapi. Nikachukua karatasi.

Wewe hadithi ya Laurensi umeisikia kwa mapadri, imepigwa pasi na kukunjwa. Sasa isikie kwa mtu wa chanja.

Laurensi alikuwa shemasi katika mji wa Rumi, zamani za wafalme waliotaka kuabudiwa wao. Kazi yake ilikuwa kutunza mali ya Kanisa na kuwagawia maskini. Papa wake, Sisto, akakamatwa akauawa. Kisha liwali wa mji akamwita Laurensi: nasikia mna dhahabu, mna vikombe vya fedha, leta. Laurensi akasema, nipe siku tatu nikusanye. Liwali akafurahi, akadhani kapata mpumbavu. Siku tatu zile Laurensi akagawa kila kitu, mpaka vikombe. Siku ya tatu akaja barazani na msururu nyuma yake: vipofu, viwete, wajane, wenye vidonda, watoto wasio na baba wala kanzu. Akasema: Bwana mkubwa, hazina yetu ndiyo hii.

Hebu fikiri! Mie nimewajibu wakubwa wengi, wa serikali na wa misheni, na wengine mpaka leo wakiniona hubadilisha njia. Lakini jibu kama lile sijapata. Nikilifikiria naona wivu.

Liwali akaamuru aletewe chanja ya chuma na makaa, Laurensi alazwe juu yake, na moto uwe wa polepole. Hapo kwenye moto wa polepole ndipo ninapomwamini msimuliaji. Mtu asiyejua kazi angesema moto mkubwa, na moto mkubwa humaliza upesi. Na akiwa pale juu, Laurensi akafungua mdomo akamwambia liwali: "Upande huu umeshaiva. Nigeuze, kisha ule."

Padri wetu mpya anasema vitabu vikubwa vina shaka. Anasema huenda alikatwa kichwa kama Papa wake, na habari ya chanja ikatiwa baadaye na watu waliopenda hadithi. Kaniambia kwa upole, na mie nikamjibu kwa upole wangu mimi, unaoujua. Nikasema: Padri, babu zetu hawakuletwa kisiwani hapa kwa kitabu, waliletwa kwa kamba. Walipoachwa huru wakapewa kazi ambayo kila mtu aliikimbia, kazi ya moshi. Siku padri wa kwanza alipofungua sanduku na kumtoa Laurensi wa sanamu, kijana wa mti ameshika chanja mkononi, walicheka mpaka wakalia, wakasema huyu mwenzetu. Vitabu vikaitafute shingo yake. Sisi tunao upande wake ulioungua.

Padri akacheka kidogo, akasema, "Huo upande ulioungua ni kazi ya baba mkwe wako, si ya Warumi."

Watu wawili waliokuwepo nao wakacheka. Mie pia nikacheka, Felista. Babu yako ana miezi mitatu kaburini, na mie nikacheka.

Basi soma polepole hapa. Wewe unajua kilicho chini ya kile kitambaa chekundu ambacho Laurensi hufungwa begani kila tunapomtoa nje. Unajua kwamba upande wake wa kulia, toka sikio hadi goti, ni mkaa. Unajua pia, kama wanavyojua watu wote, aliyemchoma: babu yako Tomasi, baba wa mama yako, mtunza kanisa wa miaka ishirini, aliyefukuzwa kwa uzembe. Kila mtu anajua, na kila mtu anajua uongo.

Nilimchoma mimi.

Nilikuwa na miaka kumi na saba, na hapakuwa na kitu duniani nilichokuwa sikijui. Katika banda hili nilikuwa nakausha mbata kwa siku nne, wenzangu kwa tano. Sikukuu ilikuwa imebaki juma moja. Mzee Tomasi akamtoa Laurensi sakristia kumfuta vumbi, akakuta unga wa mti umedondoka miguuni pake. Dumuzi. Vile vidudu vinavyokula mti kwa ndani, nje ukaona uzima, ndani unga mtupu. Nilikuwa nimepeleka ufagio, nikaona.

"Mzee, huyu anataka moshi," nikamwambia. "Mbegu za mahindi twaziweka juu ya moshi zisiliwe, seuze mtakatifu."

"Ngoja Padri arudi kutoka Weti."

"Mpaka arudi watakuwa washafika moyoni."

"Nimesema ngoja, weye. Mdomo wako unatangulia miguu."

Adhuhuri alipojinyoosha, nikautwaa ufunguo kwenye msumari wa mlango wake. Nikamzungushia Laurensi jamvi, nikamleta hapa, nikamlaza chali pale pale ninapokalia sasa. Mtakatifu wa chanja juu ya chanja! Nililiona jambo la kuchekesha kuliko yote, nikawa natafuta wa kumwambia. Chini nikatia makumbi yaliyolowa, yakatoa moshi mzito mzuri. Mpaka hapo, Felista, hapakuwa na kosa la kazi. Mpaka leo nasema hivyo. Rai yangu ilikuwa nzuri.

Kisha nikasikia zumari. Siku ile kulikuwa na mchezo wa ng'ombe uwanjani, na mama yako alikuwa keshapita njiani na wenzake, kajifunga kanga mpya, hakunitazama kwa namna ya mtu anayejua anatazamwa. Nikataka moshi umalize kazi upesi ili nimrudishe Laurensi kabla mzee hajaamka. Nikachota vifuu pakacha zima nikatia.

Vifuu! Mtoto wa siku ya kwanza katika kazi hii anajua kwamba kifuu hakitoi moshi, kinatoa moto. Mie fundi wa siku nne, mie wa kupigiwa mfano, nilijua vizuri zaidi ya wote, na mkono ukatia. Nilidhani makumbi mabichi yatauzuia. Nilidhani nitarudi mara moja. Nilidhani na mambo mengine ambayo sikuyadhani wakati ule, nimeyatunga baadaye.

Uwanjani nikavua shati nikamwita dume kwa shati. Mara ya kwanza likanipita. Ya pili likanipita. Ya tatu pembe ikachana shati, wanawake wakapiga vigelegele, na mama yako nikamwona kaziba mdomo kwa kanga. Kwa muda wa kupika chungu cha wali, hapakuwa na mtu mkubwa kuliko mimi kuanzia Msuka mpaka kusini ya kisiwa. Niligeuka nipokee sifa zangu vizuri, upepo ukaniletea harufu. Mti uliopakwa rangi ukiungua haunuki kama kuni.

Nilikimbia. Nilipofika, Mzee Tomasi alikuwa amepiga magoti hapo mlangoni na Laurensi mapajani, kama mtu aliyempakata mtoto. Alimtoa kwa mikono mitupu. Fito za chanja zilikuwa zimeshika moto, hakupata jamvi, hakutafuta gunia, aliingiza mikono akamtoa. Ngozi ya viganja ilikuwa imebaki kwenye mti. Akaniinulia uso.

"Lete maji, mwanangu."

Laiti angenitukana. Angeniita mwana wa hivi na hivi, ningemjibu, na katika kujibizana lingenitoka. Aliniita mwanangu, nikaenda kuleta maji.

Padri wa wakati ule alirudi jua halijachwa. Watu walikuwa wamejaa uani. Akamwona mtakatifu, akaona ile mikono, akaunganisha mwenyewe. "Nani amefanya hivi?" Mzee Tomasi akanitazama. Hakunionyesha kidole, wala hakunikodolea jicho la kunitaja. Alinitazama tu kama mtu anayempisha mwenzake mlangoni: pita, ni zamu yako. Alinipisha muda mrefu. Mie nikatazama miguu yangu. Nakumbuka ukucha wa kidole gumba ulikuwa umepasuka.

Ndipo akasema, "Ufunguo ulikuwa wangu, Padri."

Hakuongeza neno. Wala hakusema uongo, ufunguo ulikuwa wake kweli. Akavuliwa kazi pale pale, mbele ya mkewe na mama yako. Na mie, sikiliza vizuri hili, mie Padri akanishika bega akawaambia watu: "Huyu kijana walau alikimbia kuleta maji." Jumapili iliyofuata alilirudia jina langu altareni. Mwaka ule ule nikafanywa msimamizi wa banda, nikapewa ufunguo wa banda na nyumba hii uliyozaliwa. Sifa ile niliivaa, Felista. Nilitembea nayo mjini.

Sikuambii usiseme uongo. Utasema, wewe mwanangu, mdomo umeurithi. Nakwambia tu jinsi uongo ulivyo: haukai pale ulipouweka. Nilisema nitakiri kesho. Kesho mzee alikuwa kajifungia. Nikasema vidonda vikipona. Vidonda vikapona, vidole havikukunjuka, na mtu asiyeweza kukunjua vidole hapandi mnazi wala hashiki jembe. Akawa anaokota vifuu na kuniuzia mimi, hapa bandani, mimi msimamizi. Nikasema nikishaoa.

Nilipokwenda kumposa mama yako, alinikalisha kwenye kigoda akaniuliza, "Una neno lolote la kuniambia kabla sijakujibu?"

"Nampenda Veronika, mzee."

"Hilo nalijua. Lingine?"

Nikasikia jogoo wa jirani. Nikasikia mtu anatwanga. "Hakuna lingine."

Akasema, "Basi mwoe."

Hayo yangekuwa yametosha kwa mtu mmoja mbaya. Lakini kuna la tatu, na hili ni lako. Ulikuwa na miaka saba. Ulirudi kutoka darasani unalia, kwa kuwa watoto walikuzunguka wakikuimbia "mjukuu wa mchoma mtakatifu". Ulinijia mimi. Mzee alikuwa amekaa mkekani, na viganja vyake umevifunga majani ya mgomba tangu asubuhi, maana mchezo wako siku zote ulikuwa huo, wewe daktari na yeye mgonjwa. Ukaniuliza, "Baba, ni kweli?" Nikakwambia, nakumbuka maneno yenyewe: "Waambie babu yako alikuwa mzee, alisahau."

Hakuwa mzee, na hakusahau kitu. Alikuwa mita mbili kutoka kwangu.

Akasema, "Njoo ule dafu, mjukuu wangu." Ukaenda. Mie nikatoka nje nikagombana na mtu, sikumbuki nani wala kwa nini.

Sasa nimefika leo. Padri mpya ameagiza Laurensi wa plasta kutoka ng'ambo, keshafika, mweupe kama maziwa, pande zote mbili nzima. Leo jioni tunamzungusha wa zamani kwa mara ya mwisho, kisha atafungiwa stoo. Akishaingia stoo, hapatakuwa na mtu wa kuuliza tena nani alimchoma. Litabaki neno tu, na neno lenyewe limebebwa na jina lako. Kesho unapanda meli kwenda kujifunza uuguzi bara. Huko nako kuna watoto wa watu wa Pemba, na watakuuliza mjukuu wa nani.

Tunambeba watu wanne. Mie hushika mbele kulia, upande wa kitambaa. Mwaka hadi mwaka kazi yangu katika maandamano ni hiyo: kuhakikisha upande ule unatazama ukuta. Wanasema hakuna anayejua kumbeba kama mimi.

Leo nitamgeuza. Hapa hapa uani mwa banda, tutakaposimama, nitakifungua kitambaa, nitamgeuza, nami nitasema. Nyumba ni ya misheni na banda ni la misheni, najua. Padri keshasema sikukuu ipite kwa utulivu kwa kuwa mambo ya siasa yamewapandisha watu hasira. Wenzangu bandani watasema nimeaibisha sikukuu. Mama yako sijui atasema nini, na huyo ndiye ninayemwogopa. Laurensi alikuwa na liwali tu. Hakuwa na mke.

Kengele hiyo. Barua naitia mfukoni.

*

Jua linaelekea kuzama, nimerudi chanjani. Ya uani uliyaona mwenyewe, sina haja ya kukusimulia jinsi nilivyosema vizuri. Nilisema vizuri, au sivyo? Ulimsikia ng'ombe wa Mzee Kombo akitafuna. Ulimsikia na Mzee Kombo mwenyewe pale barabarani: "Yakhe! Miaka yote hiyo umekaa nalo tumboni, na hukunenepa?" Watu wakacheka, na mie nikashukuru.

Lakini mawili hukuyaona.

La kwanza ni sakristia. Padri alikuwa mwekundu. Akaniambia, "Ungeweza kunijia faraghani. Maungamo yana mahali pake."

"Yeye hakufukuzwa faraghani, Padri."

"Na kwa nini leo? Siku ya sikukuu, mbele ya watu wote!"

"Kwa sababu kesho mwanangu anasafiri na jina ambalo si lake."

Akazunguka chumba. Si mtu mbaya, Felista, ila anapenda mambo yaliyonyooka, na mie kunyooka sikuzaliwa nako. Akasema msimamizi lazima awe mtu wa kuaminika, na kwamba ataandikia wakubwa wake juu ya nyumba. Kisha akanyoosha mkono. "Ufunguo wa banda."

Nikautoa. Nilikuwa nimeuvaa shingoni muda mrefu hivi kwamba kamba ilikuwa imeacha alama. Nikamwekea kiganjani, nikasema, "Ufunguo ulikuwa wangu, Padri."

Hakuelewa. Si kitu. Sikumwambia yeye.

Mlangoni nikageuka, unanijua. Nikasema, "Na usimtie yule mzee wa mti stoo. Stoo ina dumuzi." Akasema atafikiri. Nikamwacha anafikiri, na Laurensi amesimama mezani kando yake, upande ulioungua ukimtazama.

La pili ni mama yako. Alikuwa ananingoja nyuma ya kanisa, penye kaburi la mzee, kashika kitambaa chekundu nilichokitupa. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila aina ya kilio. Hakulia. Alikuwa anakikunja.

"Najua tangu usiku wa kuamkia harusi," akasema. "Baba aliniambia."

Felista, mie wa kujibu upesi, nikashika ncha moja ya kitambaa nikamsaidia kukunja.

"Nilimwambia basi simtaki," akasema. "Akaniambia, mchukue. Kijana huyu ameiva upande mmoja tu. Usimgeuze kwa nguvu, atavunjika. Mngoje."

"Miaka kumi na tisa, Vero? Na mtoto akichekwa, ukanyamaza?"

Hapo ndipo macho yalimjaa. "Hilo ni langu," akasema. "Nitamwambia mwenyewe kesho njiani." Basi mkiwa njiani kwenda Mkoani, akinyamaza katikati ya habari za sabuni, usimharakishe.

Kisha akanitazama kuanzia juu mpaka chini, kama siku ile ya ng'ombe, safari hii hakuziba mdomo. "Chakula kipo," akasema. "Baridi." Tukaondoka pamoja.

Sijui tutalala wapi mwezi ujao. Bi Mize keshasema ana banda la uani na asisikie mtu anabisha. Mzee Kombo anataka kujenga chanja yake Wingwi, na ameniuliza mbele ya watu kama ni kweli nakausha kwa siku nne. Nimemwambia tatu. Ni uongo, ila huo ni wa biashara, na nitaufanya uwe kweli kabla hajagundua.

Kesho sitakuja mpaka Mkoani. Mtu mmoja lazima azitoe nazi hizi kabla hazijaota, ufunguo niwe nao nisiwe nao. Mlango huu naujua udhaifu wake. Na tena nikija nitasema mengi gatini, na wewe utaona haya.

Basi chukua hili moja, uliweke juu kabisa, juu ya sabuni. Huko watakapokuuliza wewe mjukuu wa nani, usiinamishe uso kutazama miguu yako. Sema: mimi mjukuu wa Tomasi, aliyemtoa mtakatifu motoni kwa mikono mitupu. Na wakikuuliza nani alimtia humo, sema na hilo: baba yangu. Yote mawili, Felista, kwa sauti moja. Na akitokea wa kucheka, mwache acheke amalize, kisha mwambie upande huo umeshaiva, ageuze.

Ni mie, msimamizi wa zamani, fundi wa siku tatu,
baba yako.